Spini haitoki kwenye nguvu: ncha, chaki na mkono wako

Kijana anayecheza pool akitaka mpira mweupe urudi nyuma, jambo la kwanza analofanya ni kukaza ngumi. Anavuta fimbo mpaka kiwiko kinamgusa aliyesimama nyuma yake, anapiga kwa nguvu zote, na mweupe unaingia shimoni ukiufuata ule alioutanguliza. Lawama zote zinaiendea fimbo. Mimi ndiye ninayeletewa hizo fimbo. Nabadilisha ngozi iliyo kwenye ncha ya fimbo na kuichonga hapa Mwananyamala, Dar es Salaam, jioni nacheza, na maneno ni yaleyale: "Fundi, fimbo hii haina spini."

Hakuna fimbo yenye spini, wadogo zangu. Spini, yaani kule kujizungusha kwa mpira, unaitengeneza wewe kwa kuugusa mpira mahali fulani. Kazi ya fimbo ni kutoteleza pale ilipogusa.

Ncha hukaa kwenye mpira kwa muda mfupi mno, takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukija kuhisi kwamba umegusa, mpira umeshaondoka. Kwa hiyo wale wanaogeuza kiganja mwishoni ili "kuuzungushia" mpira wanazungusha hewa. Kinachoamua ni umegusa umbali gani kutoka katikati, na wakati huo fimbo ilikuwa inakwenda wapi na kwa kasi gani. Chini ya katikati, mweupe unaondoka ukijizungusha kinyumenyume. Juu, unakimbilia mbele. Ukigusa kwenye saba ya kumi ya kimo cha mpira kutoka mezani, unaanza kubingirika papo hapo bila kuburuta. Pembeni, unajizungusha kama pia ya watoto, na hilo utaliona zaidi mpira ukifika ukingoni mwa meza.

Lakini kuna mpaka. Ukishavuka nusu ya njia kati ya katikati na ukingo wa mpira, fimbo inateleza. Kwa mipira ya milimita 51 ya meza ndogo, hiyo ni milimita 12 au 13 tu kutoka katikati. Namna nzuri ya kuuona mpaka huo ni kuchukua mpira wenye mkanda wa rangi, mathalani namba 11, na kuutumia kama mweupe wakati wa mazoezi. Ulaze mkanda sambamba na meza. Kingo za mkanda, ya juu na ya chini, ziko karibu kabisa na mpaka huo. Piga, kisha uokote mpira uutazame: chaki uliyopaka kwenye ncha imeacha alama ya buluu palepale ulipogusa. Wengi hushtuka. Walilenga chini kwenye ukingo wa mkanda, na alama iko katikati ya namba. Hapo hatuna tena cha kubishana kuhusu fimbo.

Sasa ncha, maana huko ndiko ninakopata riziki na ndiko watu wanakozembea. Ngozi kwenye ncha ya fimbo ilianza kutumika Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kwayo ni François Mingaud. Kabla yake fimbo ilikuwa mbao tupu, na mbao tupu ikigusa pembeni inateleza. Ngozi iliyong'aa haina tofauti kubwa na hiyo mbao. Ishike fimbo chini ya taa uitazame ncha kwa ubavu. Ikiwa bapa kama kizibo, au imetanuka ikapita kipete cha shaba kilicho chini yake, au inameta, usianze geme. Chukua kipande cha msasa laini, ukipitishe taratibu kutoka katikati kwenda pembeni huku unaizungusha fimbo, mpaka ncha ipate mviringo mzuri na uso wake uparuze kidogo. Pale ilipovimba pembeni, kata kwa wembe mpya ukiulaza kwenye kipete, kisha pitisha msasa uleule bila kuigusa mbao.

Mviringo una sababu. Ncha bapa, hata ukiielekeza chini sana, hugusa mpira kwa ukingo wake wa ndani, yaani karibu na katikati kuliko ulivyodhani. Ncha ya mviringo hugusa karibu na pale ulipoielekeza. Ndiyo maana mtu akichongewa ncha anasema fimbo imebadilika, kumbe anagusa mahali pengine.

Ngozi laini au ngumu? Hapa mabishano hayaishi. Laini inashika chaki vizuri lakini inaisha na kutanuka haraka. Ngumu inakaa muda mrefu ila inataka msasa na chaki kila mara. Zikiwa zote zina chaki na hakuna iliyoteleza, spini utakazopata hazitofautiani kama watu wanavyoapa. Mimi kwa fimbo za baa, zinazopita mikononi mwa kila mtu, naweka ngumu ya wastani.

Chaki nayo isidharauliwe. Chaki ya darasani haifai hata kidogo. Ni unga laini unaoteleza. Kile kidonge cha buluu si chaki kwa maana hiyo. Wamarekani William Spinks na William Hoskins walipata hataza yake mwaka 1897, na walichotumia ni silika na unga wa kukwaruza, vitu vinavyong'ang'ania mpira. Usikichimbe kidonge kwa kuzungusha fimbo ndani yake, kwani katikati kunatoboka na kingo za ncha zinabaki tupu, na spini inachezwa kwa kingo. Kipake kama unavyopiga brashi viatu, huku unaigeuza fimbo, kisha tazama kama kuna sehemu inayong'aa. Fanya hivyo kabla ya kila pigo lenye spini.

Uzito wa fimbo nautaja kwa kupita. Chukua unayoimudu. Nzito haikuongezei spini.

Wembamba na wepesi wa mbele ndio una maana, hasa ukipiga pembeni. Ukigusa kulia, mweupe hauendi sawasawa ulikoelekeza fimbo. Unasukumwa kidogo kushoto. Kadiri mbele ya fimbo inavyokuwa nzito, ndivyo unavyosukumwa zaidi. Tena ukiugonga mpira mwingine huku mweupe una spini ya kulia, msuguano unaweza kuutupa huo mpira kidogo kushoto. Kwa hiyo usijifunze spini ya pembeni kwa fimbo tofauti kila siku. Ukicheza Sinza leo na Temeke kesho, beba yako, au kwa kila fimbo mpya piga kwanza mipira michache ya pembeni ujue inakwepesha kiasi gani.

Twende kwenye mkono. Ili uguse chini, teremsha mkono wa mbele, usinyanyue ule wa nyuma. Nalirudia kila siku. Weka kiganja mezani, tandaza vidole vilale karibu bapa, kidole gumba kikae ubavuni mwa kile cha shahada. Fimbo itashuka yenyewe na itabaki karibu sambamba na meza. Ukinyanyua kitako cha fimbo, unaupiga mpira kutoka juu, unaruka kidogo, na kosa dogo la pembeni linaupinda njiani. Baa nyingi za hapa mjini meza imesogezwa ukutani mpaka huna namna ila kunyanyua. Hapo omba fimbo fupi, na kama haipo, acha spini ya pembeni kabisa, piga katikati.

Mkono wa nyuma ushike fimbo kama umebeba yai. Ukiukaza dakika ya mwisho, kitako kinapanda au kinakwenda pembeni, na ncha inagusa pasipo. Kiwiko kitulie, mkono uning'inie na kubembea chini yake, fimbo ianze taratibu na iongeze kasi kuelekea mpira, kisha iendelee mbele shibiri moja hivi. Huko kuendelea mbele hakuongezi spini, mpira umeshaondoka. Kunaonyesha kwamba hukupunguza mwendo kabla ya kugusa. Joto la Dar linatoa jasho, na fimbo inanata kwenye vidole. Futa kwa kitambaa kikavu. Wengi wanapaka poda, lakini poda inamwagika mezani na kuharibu kitambaa cha kila mtu.

Kasi inaingia wapi basi? Mweupe uliopigwa chini unaburuta kwenye kitambaa, na kitambaa kinaila ile spini kadiri unavyosafiri. Karibu, pigo la upole linatosha. Mbali, usipoongeza mwendo, unafika umeshaanza kubingirika mbele. Kitambaa kilichojaa vumbi au chenye unyevunyevu wa masika kinaila haraka zaidi, kwa hiyo meza ya nje uliyoizoea kiangazi si ileile mwezi wa nne.

Angalia pia mpira mweupe wenyewe. Kwenye meza nyingi ndogo za sarafu za mtindo wa Uingereza huwa mdogo, milimita 48 hivi, ili mashine iutambue na kuurudisha. Kwa vipimo hivyo, kama umetengenezwa kwa malighafi ileile, ni mwepesi kwa karibu asilimia 17. Unarudi nyuma kwa urahisi, na kufuata mbele ni mvivu. Ukitoka hapo kwenda kwenye meza kubwa yenye mipira sawa ya milimita 57, utashangaa haurudi.

Mazoezi yafanye mchana, meza ikiwa tupu. Weka mpira mmoja ulionyooka na shimo, na ule wa mkanda shibiri moja nyuma yake. Lengo la kwanza ni usimame palepale unapogonga. Ukisimama kila mara, usiongeze nguvu. Teremsha ncha kidogo, bila kuvuka ukingo wa mkanda, uone unarudi hadi wapi. Kisha sogeza umbali uwe mkono mmoja, uguse palepale, na sasa ndipo uongeze mwendo. Kila ukikosa, okota mpira utazame alama ya chaki kabla hujasema chochote. Mpira ukirudi kwa kupinda, alama itakuwa pembeni ya mstari wa katikati, na tatizo ni mkono wako kutonyooka. Ukigoma kurudi, alama itakuwa juu kuliko ulivyolenga. Ukisikia mlio wa kuteleza na alama iko ndani ya mkanda, chaki imekwisha au ngozi imekufa. Hiyo ndiyo fimbo ya kuniletea.