Kocha, ongea na walezi kabla ligi haijaanza

Ukianza kufundisha watoto mpira hapa Mtwara, cha kwanza ni kujua nani anamlea nani. Wamakonde na Wamwera kwa asili wanahesabu ukoo kwa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya mpwa wake. Wengine wako kwa bibi. Kwa hiyo muulize mtoto: "Nyumbani akisema nani hapana, hutoki?" Huyo ndiye wa kumfuata. Nenda kwake, piga hodi, mwamkie, kisha mweleze siku za mazoezi, saa ya kurudi, na gharama zote, njumu zikiwemo.

Chagua muda vizuri. Msimu wa kupuliza salfa watu wanadamka kwenda kwenye mikorosho, na kuanzia Oktoba familia nzima inaokota. Njoo jioni. Uliza mapema mtoto atakosekana lini, asije akaitwa mtoro kwa kuwasaidia watu wake wa nyumbani kazi. Likizo nazo zina jando na unyago. Usiandike jina lake kwenye mashindano kabla hujauliza. Kundi la WhatsApp lisikutoshe, maana wengi wana vitochi: tuma meseji ya kawaida.

Suala la benchi ndilo linaloleta ugomvi, nami nalishikilia sana hili: mtoto asikie kwanza, kutoka kwako, siku mbili kabla ya mechi. Mwite pembeni, lakini mahali wenzake wanawaona. Mwambie: "Jumamosi utaanzia benchi. Mpira ukija kwako unaangalia chini tu. Fanya mazoezi ya kutazama pembeni kabla haujakufikia. Kipindi cha pili nitakuingiza." Ukishasema hivyo, muingize, hata kama mnaongoza kwa bao moja na roho inakudunda. Mtoto aliyedanganywa mara moja hatakusikiliza tena ukimfundisha kitu.

Baada ya hapo mpigie mlezi, umwambie maneno yaleyale. Akija juu mara baada ya filimbi ya mwisho, usijibizane naye mbele ya watoto. "Mama, nimekusikia. Kesho baada ya alasiri nakuja nyumbani tuongee." Na uende kweli.

Wale wanaopiga kelele kando ya uwanja wanampa mtoto shida kubwa. Mjomba anasema "piga mbele!", wewe unasema "tuliza!", mtoto anasimama na mpira ananyang'anywa. Mpe mjomba kazi: ahesabu pasi za mpwa wake zilizofika kwa mwenzake, akuletee hesabu wakati wa mapumziko. Atatazama mchezo kwa jicho jingine, na jioni watakuwa na cha kuzungumza.

Ukimsahihisha mtoto, taja kosa moja linaloonekana. "Umecheza ovyo" hamsaidii. "Mguu wa kusimamia ulikuwa mbali na mpira" kesho atalifanyia kazi.

Akiumia, hata akiteguka kidogo, mlezi apate simu yako kabla mtoto hajafika nyumbani: ameumia wapi, umemfanyia nini, na nani anamsindikiza.