Kutu kwenye spana: siki kwanza, msasa baadaye

Kabla hujashika msasa, jaribu siki nyeupe ya kawaida. Msasa unakula kutu pamoja na chuma kizuri. Siki inayeyusha kutu na kukiacha chuma karibu kilivyokuwa. Toa grisi kwanza kwa sabuni, maana siki haipenyi kwenye mafuta. Kisha zamisha spana au plaizi kwenye chombo cha plastiki, zifunikwe kabisa, zilale humo usiku kucha. Asubuhi sugua kwa brashi ya waya. Usiziache siku nyingi, asidi itaanza kula chuma chenyewe.

Wengi huharibu kazi hapa: wanasuuza, wanaanika, na baada ya saa chache kutu ya rangi ya chungwa imesharudi. Chanzo ni asidi iliyobaki na unyevu. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha papo hapo kwa kitambaa na hewa ya moto, halafu paka oili nyepesi hadi kwenye maungio.

Beringi na springi usiziloweke. Vyuma vilivyopakwa zinki vilevile. Siki itaing'oa zinki yote. Na usichanganye siki na dawa ya klorini ya kufulia, inatoa gesi ya sumu.