Kufundisha uandishi wa programu kwenye kompyuta za shule zilizowekewa vizuizi

Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wa S.1 au S.2 (miaka miwili ya kwanza ya sekondari) kuandika programu hapa Uganda mara nyingi hukuta maabara ambayo hairuhusu kusakinisha kitu chochote, flashi zimezuiwa kwa hofu ya virusi, intaneti haipo au inaishia ofisini, na kompyuta ikizimwa hufuta kila kilichohifadhiwa ndani yake. Wengi hukata tamaa hapo, wakarudi kwenye Word na Excel mwaka mzima. Ni hasara kubwa isiyo ya lazima, kwa sababu kompyuta yenye Windows huja na Notepad na kivinjari, na viwili hivyo vinatosha kufundishia JavaScript, lugha ya programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari, muhula mzima bila kusakinisha chochote.

Tafadhali usianze kwa kutafuta njia ya kuvikwepa vizuizi. Kompyuta hizo hizo ndizo zinazotumika kwa mitihani ya vitendo ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda), na mtu anayezitunza ana sababu nzuri ya kuzifunga. Mwanafunzi akimwona mwalimu wake akitumia nenosiri la kuazima, atajifunza hilo kabla ya kujifunza programu.

Kabla ya somo la kwanza, ingia maabara peke yako ukitumia akaunti ya mwanafunzi, wala si yako, kwani akaunti ya mwalimu mara nyingi hufungua mengi ambayo ya mwanafunzi haifungui. Andika ukurasa mfupi kwenye Notepad, uhifadhi, uufungue kwa kivinjari, kisha uzime kompyuta na kuiwasha tena ili uone kama faili bado ipo. Angalia pia toleo la kivinjari. Kompyuta za Windows 7 bado zipo mashuleni, na Chrome ya mwisho inayokubali mfumo huo ni toleo la 109, ambalo linatosha kabisa kwa mambo ya mwanzo. Ukikuta Internet Explorer ya zamani tu, tumia neno var badala ya let unapounda kigeu (jina linalohifadhi thamani), na uwazoeze wanafunzi kubofya ruhusa inayoombwa kabla ya programu kufanya kazi.

Kikwazo cha kwanza darasani ni jina la faili. Windows kwa kawaida huficha kiambishi cha mwisho, kwa hiyo mwanafunzi anayeandika somo1.html anaweza kupata somo1.html.txt bila kujua, na faili hiyo ikibofywa hufunguka tena ndani ya Notepad. Dawa yake ni kuandika jina likiwa ndani ya alama za kunukuu wakati wa kuhifadhi, yaani "somo1.html". Vilevile, usiandae mifano yako kwenye Word kisha ukainakili, maana Word hugeuza alama za kunukuu kuwa zilizopinda, na JavaScript haizikubali.

Programu ifuatayo inahusu nauli ya taksi (basi dogo la abiria), jambo ambalo kila mtoto analijua, awe wa Arua au wa Busia. Iandike ubaoni ukiweka namba za mistari pembeni:

<meta charset="utf-8">
<script>
window.onerror = function (ujumbe, faili, mstari) {
  alert("Mstari wa " + mstari + ": " + ujumbe);
};
</script>
<script>
let nauli = prompt("Nauli ni shilingi ngapi?");
let mzigo = prompt("Mzigo unalipiwa shilingi ngapi?");
document.write("Jumla: " + (nauli + mzigo));
</script>

Kabla ya mtu yeyote kugusa kibodi, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari jibu analolitarajia iwapo nauli ni 2000 na mzigo ni 500. Karibu wote wataandika 2500. Wakifungua faili wataona 2000500, na hapo ndipo somo lenyewe linapoanzia. Usiharakishe kuwapa jibu. Waambie wabadilishe alama ya kujumlisha iwe ya kuzidisha (*), na badala ya mzigo waulize idadi ya abiria: nauli 2000 kwa abiria 14 inatoa 28000, jibu sahihi. Mbona kuzidisha kumekubali na kujumlisha kumekataa? Waache wabishane. Kinachotokea ni kwamba prompt hurudisha maandishi, hata kama mtu ameandika tarakimu. Alama ya + ikikutana na maandishi huyaunganisha, ilhali alama ya * haina kazi yoyote kwenye maandishi, hivyo JavaScript huyageuza kuwa namba kwanza. Wakishaelewa, wafunge prompt ndani ya Number, yaani Number(prompt("Nauli ni shilingi ngapi?")), wafanye vivyo hivyo kwa mzigo, na jumla itakuwa 2500. Mtoto aliyeigundua tofauti hiyo kwa macho yake hatahitaji kukaririshwa aina za data.

Majina ya vigeu nimeyaweka kwa Kiswahili kwa makusudi, ingawa somo linafundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anatambua mara moja kwamba let na prompt ni maneno ya lugha yenyewe yasiyobadilishwa, na nauli na mzigo ni majina tuliyoyachagua sisi.

Sehemu ya kwanza ya programu, yenye onerror, ni kwa ajili ya maabara ambako kitufe cha F12, kinachofungua sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa, kimezuiwa. Bila hiyo, mabano yaliyosahaulika huleta ukurasa mweupe usio na maelezo, na watoto arobaini wanakuita kwa pamoja. Ukiiweka katika script yake ya peke yake, juu ya ile wanayoiandika, kosa litatajwa pamoja na namba ya mstari. Wazime Word Wrap (inayokunja mistari mirefu) kwenye Notepad, kisha Ctrl+G itawapeleka kwenye mstari huo.

Vitanzi, yaani amri zinazorudiwa tena na tena, vinahitaji uangalifu zaidi. Katika baadhi ya maabara skrini nyingi zinategemea kompyuta moja, na kitanzi cha while kisicho na mwisho kinaweza kuzifanya zote ziwe nzito. Anza na for, ambayo mwanzo, kikomo na hatua yake vinaonekana kwenye mstari mmoja, na uiache while mpaka darasa limezoea kukagua kikomo kwa kidole kabla ya kufungua faili.

Umeme hukatika, kwa hiyo Ctrl+S ibonyezwe kila baada ya mstari. Pale ambapo kompyuta hufuta kila kitu, omba folda ya pamoja kwenye seva. Isipopatikana, programu nzima inakiliwa kwenye daftari kabla ya kengele. Kazi hiyo inachosha, lakini programu za mwanzo ni fupi, na anayeinakili kwa mkono huona nukta na mabano ambayo jicho liliyaruka. Wakikaa watatu kwa kompyuta moja, mmoja aandike, wa pili asome daftari kwa sauti, wa tatu akague, na wabadilishane kila programu mpya.

Ukihitaji Python, lugha nyingine ya programu ambayo lazima isakinishwe, baadaye, peleka barua kwa mtunza maabara kabla ya likizo, ukitaja toleo na sababu. Kwa Windows 7 taja 3.8, kwa kuwa matoleo ya 3.9 na kuendelea hayafanyi kazi humo. Omba isakinishwe wakati kompyuta zimefunguliwa kwa matengenezo, ili isifutwe zitakapofungwa tena, kisha rudi na ile akaunti ya mwanafunzi uhakikishe inafunguka.