Kuweka Tinti Kwenye Vioo vya Gari: Wasiwasi wa Mteja na Namna ya Kuushughulikia

Mteja anayepeleka gari kuwekewa tinti, yaani karatasi ya plastiki yenye gundi inayobandikwa kwenye vioo, huwa na mambo mawili yanayomsumbua: kwamba karatasi itabanduka, itafanya viputo au itabadilika rangi baada ya muda mfupi, na kwamba fundi atakwaruza kioo au kumwaga maji kwenye vifaa vya umeme vya gari. Wasiwasi huo una msingi. Hata hivyo, malalamiko mengi huanzia mahali pengine kabisa: karatasi ilichaguliwa kwa kutazama weusi wake tu, au kazi ilihukumiwa kuwa mbovu siku ya pili, maji yakiwa bado yamo chini ya karatasi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kabla fundi hajagusa gari, kwa kuwa hapo ndipo mteja anapokuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuamua matokeo.

Kuchagua karatasi

Kila karatasi ya tinti hutambulishwa kwa asilimia ya mwanga inayouruhusu kupita. Karatasi ya 35 hupitisha asilimia 35 ya mwanga unaoonekana, ya 20 hupitisha asilimia 20, na ya 5 ni nyeusi kiasi kwamba mtu aliye nje haoni kitu ndani mchana. Namba ikipungua, giza huongezeka. Jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi ni kwamba kioo chenyewe, hata kikiwa kitupu, hakipitishi mwanga wote. Vioo vingi vya milango ya mbele hupitisha takribani asilimia 70 hadi 80. Ukibandika karatasi ya 35 kwenye kioo kinachopitisha asilimia 75, matokeo ni 35 mara 75 gawanya kwa 100, yaani takribani 26, na si 35 uliyoiagiza. Kipimo cha askari wa barabarani hupima karatasi na kioo kwa pamoja, hivyo mteja aliyesoma sheria ya nchi yake na kununua karatasi yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye sheria anaweza kukutwa na kosa bila kukusudia. Mwombe fundi apime kioo kikiwa kitupu, akutajie namba ya mwisho, kisha aiandike kwenye risiti. Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na kwa kawaida huwa kali zaidi kwa kioo cha mbele na milango ya mbele kuliko kwa vioo vya nyuma. Fundi akikujibu kwamba kila mtu anaweka na hakuna anayekamatwa, kumbuka kwamba faini hataandikiwa yeye.

Suala la usiku linastahili uzito uleule. Karatasi inayopendeza saa sita mchana inaweza kukuzuia kumwona mtembea kwa miguu unaporudi nyuma gizani, hasa mvua ikinyesha. Omba kipande cha mfano, kiweke upande wa ndani wa kioo cha mlango wa dereva jioni, kisha utazame kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma ukipitisha macho kwenye kipande hicho. Jaribio hilo la dakika chache linaeleza zaidi ya picha zote zilizobandikwa ukutani mwa karakana.

Sasa tuje kwenye joto, kwa maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Weusi na kuzuia joto ni vitu viwili tofauti. Takribani nusu ya nishati ya jua inayofika kwenye gari imo katika mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Karatasi inaweza kuwa nyeusi tii na bado ikaruhusu sehemu kubwa ya mionzi hiyo kupita. Karatasi ya bei nafuu hupata giza lake kutokana na rangi iliyotiwa kwenye plastiki. Hufifia kwa jua, na ndiyo hasa inayogeuka zambarau. Karatasi yenye chembe za metali huakisi joto vizuri, lakini inaweza kudhoofisha mawimbi ya redio, ya simu na ya vifaa vya kuelekeza njia. Ya kaboni haina tatizo hilo la mawimbi na haififii kwa urahisi. Ya seramiki, ambayo ndiyo ghali zaidi, huzuia kiasi kikubwa cha infraredi hata ikiwa nyepesi, kwa hiyo mtu anayesumbuliwa na joto lakini anabanwa na sheria au anahofia giza la usiku atafaidika nayo kuliko na karatasi nyeusi ya kawaida. Kwa maoni yangu, anayeweza kumudu seramiki kwa vioo vya mbele pekee afanye hivyo, na vya nyuma aviwekee karatasi ya kaboni, hatapoteza mengi.

Kuhusu mionzi ya urujuanimno, ile inayochoma ngozi na kupausha viti, karatasi nzuri huzuia takribani asilimia 99 yake bila kujali weusi. Hata karatasi inayokaribia kuwa angavu hufanya kazi hiyo. Anayetaka tinti kwa ajili ya ngozi yake peke yake hana sababu ya kununua giza.

Tahadhari moja kuhusu namba za matangazo. Karakana nyingi huwa na taa ya joto: unaweka mkono nyuma ya kioo kisicho na karatasi, kisha nyuma ya kile chenye karatasi, na unashangaa. Sehemu kubwa ya kinachotolewa na taa ile ni infraredi, ilhali jua huleta pia mwanga mwingi unaoonekana, ambao nao hugeuka joto ukishaingia garini. Vivyo hivyo, namba inayosema karatasi huzuia asilimia 95 ya infraredi inaweza kuwa imepimwa kwenye sehemu finyu tu ya mionzi hiyo. Uliza kiasi cha jumla ya nishati ya jua kinachozuiwa. Namba hiyo huwa ndogo kuliko ile ya tangazo, lakini ndiyo inayofaa kulinganishia karatasi mbili.

Kutazama kazi inavyofanywa

Karakana nzuri humruhusu mteja kutazama, ijapokuwa kwa umbali. Angalia kwanza mahali penyewe: pawe pamezibwa upepo, sakafu iwe safi au yenye unyevunyevu, na pasiwe na mtu anayefagia au kukata chuma karibu. Vumbi linaloonekana kama vitone chini ya karatasi huingia wakati plastiki ya kinga inayofunika gundi inapobanduliwa na gundi ikabaki wazi, na hakuna ufundi unaoweza kuliondoa baadaye bila kubandua karatasi yote. Chanzo kingine cha vumbi ni mpira unaozunguka kioo; fundi makini huusafisha kwa brashi na maji, hushusha kioo kidogo ili ukingo wake wa juu nao uoshwe, kisha hukwangua uso wote wa ndani kwa wembe kabla ya kubandika.

Wasiwasi wa kukwaruzwa kioo hutokana na kuona wembe ukipita juu yake. Karatasi hupimwa na kukatwa ikiwa imelazwa upande wa nje wa kioo, kisha huhamishiwa ndani, na wembe mpya unaopitishwa kwa mkono mwepesi hauachi alama. Mchubuko huletwa na mkono mzito, wembe butu au chembe za mchanga ambazo hazikuoshwa. Karakana nyingine hukata karatasi kwa mashine inayofuata kipimo cha aina ya gari, na hapo wembe hauhitajiki sana kwenye kioo. Usiidharau karakana isiyo na mashine hiyo, kwa kuwa mkono uliozoea hutoa ukingo mzuri vilevile.

Kioo cha nyuma ndicho kinachopima ufundi. Karatasi ni bapa na kioo kimepinda pande mbili, hivyo ni lazima karatasi inywee kwa joto hadi ifuate umbo la kioo. Fundi huilaza upande wa nje, huyakusanya makunjo yote mahali panapofaa, kisha huyapitishia hewa moto na kuyalainisha kwa kikwanguo mpaka yatoweke. Karatasi hunywea vizuri kwa mwelekeo mmoja tu, ule iliyokunjiwa kwenye jora, na asiyejua hilo hupata mikunjo isiyokwisha au huunguza karatasi. Muulize kabla ya kuanza: kioo cha nyuma kitawekwa kipande kimoja au vipande vilivyounganishwa? Jibu unalolitaka ni kipande kimoja.

Je, joto hilo linaweza kupasua kioo? Vioo vya pembeni na vya nyuma katika magari mengi vimekazwa kiwandani kwa moto, na huvumilia. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zenye plastiki katikati, na joto likikusanywa mahali pamoja kinaweza kupasuka, hasa kama tayari kina ufa au alama ya jiwe. Mwoneshe fundi kila alama ya namna hiyo kabla ya kazi na muipige picha pamoja. Katika kioo hichohicho, karatasi haipaswi kufunika kamera inayoisaidia gari kufuata mstari wa barabara wala kihisi cha mvua.

Maji ndiyo hofu inayopuuzwa, nayo ni kubwa kuliko ya wembe. Kubandika tinti kunahitaji maji mengi yenye sabuni kidogo, ili karatasi iteleze na kukaa mahali pake kabla ya maji kusukumwa nje. Maji hayo hutiririkia kwenye swichi za madirisha, spika za nyuma na nyaya zilizo chini ya dashibodi. Taulo nene juu ya dashibodi, kifuniko cha plastiki kwenye milango na kitambaa kinachonyonya maji kwenye ukingo wa chini wa kioo si anasa. Usipoviona, viombe.

Kama gari lina tinti ya zamani, kuiondoa kwenye kioo cha nyuma kunahitaji mvuke na subira. Mistari myembamba ya kuondoa ukungu imebandikwa upande wa ndani wa kioo, na fundi anayekwangua gundi kwa wembe hapo ataikata, na mistari ikishakatika hairudi kuwa mizima kwa urahisi. Washeni kifaa cha kuondoa ukungu pamoja, kabla na baada ya kazi.

Siku za kwanza na ukaguzi

Baada ya kazi, karatasi huonekana kama ina ukungu, pengine na vifuko vidogo vya maji. Hali hiyo ni ya kawaida. Maji hutoka polepole kupitia karatasi, kwa siku kadhaa palipo na jua na hata mwezi mmoja penye baridi. Usishushe vioo kwa siku 3 hadi 5, au kama fundi atakavyokuelekeza, kwa sababu ukingo ambao haujashika utavutwa na mpira na kukunjika. Usitoboe kifuko kwa sindano wala kukisukuma kwa kucha. Tundu litabaki daima.

Ili kutofautisha ukungu wa muda na kasoro ya kweli, chora duara kwa kalamu ya kufutika upande wa nje wa kioo, ukizunguka kila unachokitilia shaka. Kifuko cha maji kitabadilika umbo na kupungua. Kitone cha vumbi kitabaki palepale kikiwa kigumu, na mkunjo hautalainika. Kitone kimoja au viwili vinavyoonekana tu ukisogeza jicho karibu na kioo si sababu ya kudai kazi irudiwe, kwa kuwa hakuna karakana isiyo na vumbi hata kidogo. Vitone vingi vilivyo mbele ya macho ya dereva ni sababu tosha. Nafasi nyembamba ya milimita 1 hadi 2 kwenye ukingo wa juu wa kioo kinachoshuka ni sahihi, maana karatasi inayofika ukingoni kabisa hubanduka. Vilevile, mkanda mweupe pembezoni mwa kioo cha nyuma, palipo na vidoti vyeusi vya kiwandani, hutokea kwa sababu vidoti vimeinuka na gundi haifiki kwenye kioo katikati yao.

Karatasi ikishakauka, isafishe kwa kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo. Dawa za vioo zenye amonia huharibu karatasi nyingi, na vibandiko au vizuia jua vyenye vikombe vya kunyonya vinavyoshikizwa upande wa ndani huinyofoa.

Dhamana na malalamiko

Dhamana huwa mbili, na mteja anapaswa kuzipata zote kwa maandishi: ya mtengenezaji wa karatasi, inayohusu kubadilika rangi, kubanduka na viputo, na ya karakana, inayohusu kazi ya mikono kama vumbi, mikunjo na mikato mibaya. Andikisha jina kamili la karatasi na namba yake, si neno "seramiki" peke yake, kwani mafundi wasio waaminifu huuza karatasi ya rangi kwa bei ya seramiki, na macho hayawezi kuzitofautisha siku ya kwanza. Omba kuliona jora au boksi lake kabla karatasi haijakatwa.

Ukirudi na lalamiko, nenda na gari lenyewe, picha zenye tarehe na risiti, na usiwe umebandua hata kona moja, kwa kuwa karakana nyingi huhesabu karatasi iliyoguswa na mteja kuwa nje ya dhamana. Taja kioo, mahali na aina ya kasoro. Ikikubaliwa kurudiwa, ulizia kwa jina ni fundi gani atakayeondoa karatasi ya kioo cha nyuma, na mkumbushe kuhusu ile mistari ya kuondoa ukungu kabla hajashika chombo chochote.