Somo: Kuendesha kijiwe cha magemu mtandaoni kwa watu wazima wenye kazi, watoto na foleni

Wakuu habari za majukumu. Kila nikisema grupu letu la magemu lina miaka minne na bado linapumua naulizwa mnafanyaje, maana ya kwenu yanaanza na moto Januari, ikifika Pasaka kabaki admini na wale wawili wanaotuma stika za jumamosi njema. Haya, leo mtoto kalala mapema, naandika yote.

Kwanza mjue sisi ni akina nani ili usije ukachukua haya ukaenda kuendeshea timu ya mashindano. Tupo kama 40, wengi Dar, kuna wa Mwanza, wawili Lubumbashi, mmoja Dubai, watatu Minneapolis. Nesi yupo, mwalimu yupo, fundi friji yupo, na dereva wa lori anayecheza chesi akiwa kwenye foleni ya Tunduma. Tunacheza eFootball, gemu la mpira (wazee bado tunaita PES, jina lilibadilishwa 2021 sisi hatujabadilika), Call of Duty Mobile, lile la vita la kwenye simu, na chesi ya mtandaoni ya Lichess.

Kabla ya hili nilishaua grupu moja kwa mikono yangu. Mwaka 2020 nilikua na klani (timu ya kudumu ya wachezaji) ya Call of Duty na nilikua na daftari, kweli kabisa daftari la mistari, naandika nani kaingia nani hajaingia, ukikosa wiki mbili nakutoa. Kuna jamaa nikamtoa kimya kimya hata sikumuuliza. Baada ya kama mwezi nikakutana nae kituoni Mwenge, kumbe alikua analala hospitali anamuuguza mama yake, akaniambia usiku kule mlikua nyie tu ndo mnanichekesha, asubuhi moja naamka nakuta nimetolewa. Alisema anacheka, hana hata hasira, ndo ikaniuma zaidi. Ndani ya miezi mitatu klani yote ikafa, na haikufa kwasababu ya wavivu, ilikufa kwasababu mtu akikosa siku mbili anaona aibu kurudi, akiona aibu anakausha, akikausha ndo kaenda.

Kwahiyo hatua zote hapa chini zina kazi moja tu, mtu aliyepotea arudi bila kujieleza.

HATUA YA 1: Choma daftari

Hakuna mahudhurio, hakuna pointi za wiki, hakuna kumtoa mtu kwa ukimya. Na hakuna kuuliza "ulikua wapi?" Hilo swali unaona la upendo lakini kwa mtu aliyefukuzwa kazi au aliyefiwa ni kama kuitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Kwetu mtu akirudi anaambiwa "karibu, kuna nafasi" basi. Akitaka kusema atasema mwenyewe, na wengi wanasema, tena saa sita usiku wakati mechi imeisha na watu wamebaki watatu.

HATUA YA 2: Chagua gemu linaloachika

Hapa ndo watu wanakosea. Mtu mzima anaitwa na mtoto, na bosi, na jenereta la jirani. Gemu likiwa halikubali kuachwa katikati atakua kila siku anawaangusha wenzake. Mechi ya eFootball ni kama dakika kumi imeisha. Call of Duty chezeni zile mechi fupi za timu, battle royale (ile ya wachezaji wengi mpaka abaki wa mwisho) tunaiweka Jumamosi tu kwasababu inaweza kwenda dakika ishirini na ukitoka umewaachia wenzako msiba.

Ila siri ya grupu letu ni chesi. Lichess ni bure, haina matangazo, na ina mechi za polepole ambazo unachagua siku ngapi kwa kila hatua, sisi tunaweka siku tatu. Yani dereva wetu anasogeza farasi Tunduma, nesi anajibu akitoka zamu, mechi moja inakula mwezi mzima na hakuna aliyechelewa. Wale ambao hawawezi kabisa kuingia usiku bado wapo kijiweni kwa njia hiyo.

HATUA YA 3: Grupu mbili, moja kimya moja kelele

Usiweke kila kitu sehemu moja. WhatsApp ya matangazo ifunge, waandike maadmini tu, iwe na ujumbe mmoja au miwili kwa wiki. WhatsApp ya pili ni kelele, huko waambie watu wazi kabisa kwamba kuizima milio ni ruhusa, hata ukichagua "daima" hatununi. Sheria ziandike kwenye maelezo ya grupu, usizitume kama meseji, kwasababu memba mpya hasomi meseji za nyuma.

Sauti tunatumia Discord, app ya kuongea kikundi huku mnacheza. Chumba cha sauti kinakuja kikiwa 64 kbps (yani kiasi cha data ambacho sauti inakula kila sekunde), ingia kwenye mipangilio ya chumba shusha mpaka 32, sauti bado inasikika na bando la watu linapona. Na jingine la bando: gemu lenyewe halili sana, kinachokula ni apdeti. Ikitoka apdeti kubwa itangaze asubuhi, watu washushie kwenye waifai ya ofisini kabla ya saa kumi na moja. Ukitangaza usiku umeua usiku huo.

HATUA YA 4: Muda mmoja unaojulikana, na uuandike vizuri

Jumanne na Ijumaa, saa nne usiku mpaka tano na nusu. Watoto wamelala, vyombo vimeoshwa. Hapo Lubumbashi ni saa tatu, Dubai saa tano, Minneapolis ni saa saba mchana au saa nane, inategemea, maana Marekani wanasogeza saa Machi na Novemba na kila mwaka kuna mtu anachelewa. Kuna siku niliandika "leo saa 4" nikaishia hapo, mmoja wa Minneapolis akaisoma 4 ya Kizungu, akakaa saa kumi jioni ya kwao anasubiri peke yake. Tangu hapo naandika "saa nne usiku ya Dar", kwa maneno, na kwenye Discord naweka ile alama ya muda inayomuonyesha kila mtu saa ya kwao.

Ramadhani tunasogeza mpaka baada ya tarawehe. Siku ya Simba na Yanga hatupangi kitu, hakuna atakayekuja.

HATUA YA 5: Sheria chache ambazo utazisimamia kweli

Zetu ni nne. Matusi ya wazazi hapana. Mikeka ya kubeti hapana, wala linki zake. Michango hapana, narudia michango hapana, nimeona magrupu mazuri yamegeuka kamati ya harusi, mtu amekuja kupumzika anakuta orodha ya ahadi na jina lake halina tiki. Tukitaka kumchangia mwenzetu mwenye shida tunafungua grupu pembeni na linafutwa likimaliza kazi. Ya nne, hakuna kumfuata mtu inboksi kama hajakukaribisha, na hii inawahusu wanaume zaidi, mnajijua.

Utani ruksa. Ukifungwa mkono, yani tano, utaitwa kila jina mpaka Ijumaa ijayo.

HATUA YA 6: Mgeni apewe mwenyeji

Usimtupe mgeni kwenye watu 40 na "karibu" thelathini za kunakili. Mpe mtu mmoja amtumie voisinoti, amuulize anatumia simu gani, acheze nae mechi ya kwanza. Na huyo mwenyeji asiwe yule bingwa wenu. Mgeni akipigwa saba usiku wa kwanza humuoni tena.

HATUA YA 7: Na wewe admini upotee

Uwe na wenzako wawili wenye funguo zote, mmoja awe nje ya nchi kama mnao. Mimi mwaka jana nilipotea wiki tano, sikuaga. Nikarudi Ijumaa moja nikaambiwa "karibu, kuna nafasi". Nilicheka peke yangu jikoni.

MASWALI YA WADAU

Fundi Kinyozi: Kiongozi, umeme ukikatika mechi ikiwa 2-1 dakika ya 80 matokeo yanakuaje? Kwetu huku tumegombana mpaka watu wawili wametoka.

Jibu: Mnarudia, au mnaacha. Hatuandiki matokeo popote ndo maana hakuna cha kugombania. Mkishaweka jedwali lenye zawadi basi mtahitaji refa, mtahitaji ushahidi wa skrini, na hapo tayari ni kazi ya pili.

Mama Pacha: Kaka nimependa ila naomba ukweli, wanawake mko nao wangapi na wanatumia maiki? Mimi nikiongea tu kwenye gemu naanza kuulizwa naishi wapi.

Jibu: Saba dada. Wanne wanaongea, watatu wanaandika tu na hakuna anayewauliza kwanini. Sheria ya inboksi haina onyo la pili, tumeshatoa watu wawili kwa hilo, mmoja ni rafiki yangu wa shule na mpaka leo hatuongei vizuri.

Msafwa wa Mbeya: Tuna mtu mmoja anatunyuka wote, watu wameanza kumkwepa. Tumtoe?

Jibu: Usimtoe kwa kosa la kujua mpira. Sisi wa kwetu anacheza na kikosi cha benchi, yani anaweka wale wachezaji wake wabovu. Kwenye chesi mkicheza za papo kwa papo Lichess ina kitufe cha kumuongezea mpinzani sekunde 15, anakibonyeza mpaka mtu anaona aibu. Alafu kamuombe afundishe, mara nyingi mtu wa hivyo alikua anasubiri kuombwa.

Jirani wa Deira: Mimi huku UAE simu za WhatsApp hazifanyi kazi kabisa, nitawezaje kuwa pamoja nanyi?

Jibu: Wa kwetu wa Dubai ni wa maandishi na voisinoti, hizo zinapita. Tena yeye ndo mtangazaji wetu, anaandika mechi ya wenzake kama redio, tukimaliza tunasoma tunacheka.

Baba Junia: Mke wangu anasema mtu wa miaka 41 kushika gemu ni utoto. Nimjibu nini?

Jibu: Shemeji usimjibu chochote. Saa tano na nusu ikifika zima, kila mara, hata kama ni fainali. Wangu alinyamaza mwezi wa pili. Mwezi wa nne akauliza Lichess inawekwaje. Sasahivi ananifunga.

Tall_Mwanza: Mkuu mimi nilikua kwenye hilo grupu lenu, nimepotea toka mwezi wa tatu, simu iliibiwa alafu mambo yakawa mengi. Sijui hata kama bado naruhusiwa.

Jibu: Karibu, kuna nafasi. Ijumaa saa nne usiku ya Dar. Shusha apdeti mapema ni kubwa.