Dashibodi yangu ya rangi mbili

Kila abiria akipanda Probox yangu anauliza kwa nini dashibodi imegawanyika. Ni mimi mwenyewe. Naegesha Raskazone, hapa Tanga, jua linanipiga tangu asubuhi, nikataka kujua kama hizi dawa za kupaka zinafaa au tunauziwa marashi tu. Upande wa usukani nikapaka ile ya mafuta ya silikoni, inayong'aa kama nywele za bwana harusi. Upande wa pili nikapaka ya maji, iliyoandikwa kwamba inazuia miale ya jua.

Wiki ya tatu, upande wangu ulikuwa na vumbi la kuandikia jina. Tena nikielekea Pongwe saa kumi jioni, mng'ao wote unarudi kwenye kioo cha mbele, barabara siioni vizuri. Ule mwingine ulikuwa mkavu, mweusi wa kawaida. Kupasuka kwa dashibodi ni suala la miaka, kwa hiyo wiki tatu hazitoshi kusema nani kashinda hapo. Ila kifuniko cha kioo cha mbele hakina ubishi: jua lisipofika, halichomi. Nunua hicho kwanza.

Ukiamua kupaka, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, subiri pakauke. Nyunyiza dawa kwenye kitambaa, usinyunyize kwenye dashibodi. Paka kidogo, kisha futa tena kwa kitambaa kikavu. Usukani na pedeli usiguse, zitateleza.

Kwa nje, waksi, ile nta ya kupaka juu ya rangi ya gari, inafanya kazi kweli. Ijaribu kwa kumwaga maji juu ya boneti: yakijikusanya matone matone, waksi ipo, yakitandaa kama shuka, imekwisha. Osha gari, likaushe, liweke kivulini bodi ipoe, kisha paka sehemu moja moja. Ikifanya ukungu, futa. Plastiki nyeusi za bampa zikwepe, zitabaki na madoa meupe. Mimi narudia kila baada ya miezi miwili hivi, na sioshi gari kwa sabuni ya unga, maana inaiondoa waksi yote. Kivuli chenyewe usichague cha mwembe: utomvu na kinyesi cha ndege vinakula rangi. Na kama rangi imeshababuka, hapo mtafute fundi wa rangi, waksi haifufui.

Chumvi ya bahari ndiyo inayotumaliza sisi watu wa Tanga, na waksi haifiki inakojificha. Piga maji ya bomba chini ya gari, ndani ya madigadi na kwenye kingo za chini za milango. Vijana wengi wa kuosha magari huishia boneti na vioo. Inama uwaoneshe.

Ile chupa ya mafuta bado ninayo. Naipaka ubavuni mwa tairi siku za harusi, kidogo, maana ikizidi inarukia bodi.