Itoe pumzi polepole kuliko unavyoivuta

Daladala imeshonana, foleni ya Darajani haisogei, moyo unakwenda mbio: vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha iachie taratibu hadi 6, midomo umeibana kama anayepoza chai. Hesabu sekunde, si mapigo ya moyo, maana huo moyo ndio unaokimbia. Zinatoka pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 5. Kazi yote iko kwenye kutoa: hapo ndipo neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni, inapoupunguza mwendo moyo. Wengi huharibu kwenye kuvuta. Wanajaza kifua kwa nguvu, haraka haraka, kaboni dayoksaidi inashuka kwenye damu, kichwa kinazunguka, vidole vinafanya ganzi, na wao wanadhani wamezidiwa. Ikikutokea, acha kuhesabu, pumua kawaida. Ukishapiga vikombe vitatu vya kahawa ya barazani na tumbo tupu, usitarajie makubwa. Deni la dukani nalo halilipiki kwa pumzi. Litakusubiri, ila utalikabili kichwa kimetulia. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya si ya kupumulia: hospitali, mara moja.